Muhuri Ulio Mkononi Mwako

Masomo: Amosi 8:4-7, Marko 6:17-29

Huenda wengine wenu mnakunywa chai, na wengine mnafunga viatu tayari kwenda kazini. Twaomba mketi pamoja nasi kwa dakika chache tu, maana neno la leo lahusu kazi hiyo hiyo mnayoiendea.

Tutazungumza juu ya kijana mmoja Mkatoliki. Labda msikilizaji atauliza, "Je, haya si mazungumzo ya makanisa ya Kiprotestanti? Mambo ya watakatifu wa Roma yatuhusu nini sisi?" Swali hilo ni la haki, na hatutalikwepa. Lakini kwanza tusikie habari za kijana mwenyewe.

Jina lake ni Floribert Bwana Chui. Alizaliwa tarehe 13 Juni 1981 katika mji wa Goma, mashariki ya Kongo. Goma uko kando ya Ziwa Kivu, mpakani kabisa na Rwanda, na watu wake husema Kiswahili kama sisi. Floribert alisoma sheria. Alipokuwa mwanafunzi alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, chama cha waumini wa Kikatoliki kilichoanzishwa Roma mwaka 1968. Kazi yao ni kusali, kusoma Injili na kuwa rafiki wa maskini. Mjini Goma kuna watoto wengi wanaolala barabarani, ambao wenyeji huwaita maibobo. Floribert alitumia nafasi yake kuwafundisha na kula pamoja nao. Hakuwa padre, wala hakuwa mtawa. Alikuwa kijana wa kawaida mwenye kutafuta kazi.

Kazi akaipata. Aliajiriwa katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia nchini, na mwaka 2007 alikuwa mpakani hapo Goma. Shughuli yake ilikuwa kuangalia mali iliyoharibika na kuamua: hii ipite, hii iteketezwe. Wasikilizaji, hebu mfikirini kijana huyo mezani pake, ana kalamu, ana karatasi, na ana muhuri.

Ikaja shehena ya vyakula vilivyooza. Floribert akakataa kuipitisha. Wakamwahidi fedha, naye akakataa. Wakaongeza, akakataa tena. Wakamtisha, wala hakugeuka. Kabla ya hapo alikuwa amemwendea mtawa mmoja aliyekuwa daktari, akamwuliza ni madhara gani yatakayowapata watu wakila chakula cha namna ile. Mtawa huyo alisimulia baadaye jinsi kijana alivyoona moyoni mwake: fedha ile ingekwisha upesi, lakini je, watakaokila chakula kile itakuwaje kwao? Floribert alijua pia ni nani hununua chakula cha bei ya chini kabisa sokoni. Ni maskini, wazazi na jirani za watoto wale aliokula nao.

Tarehe 7 Julai 2007 watu walimteka nyara. Wakamtesa na kumwua usiku wa kuamkia tarehe 8, na maiti yake ikaonekana siku iliyofuata. Umri wake ulikuwa miaka 26.

Miaka mingi ikapita. Tarehe 2 Februari 2023, Papa Francis alipokutana na vijana katika uwanja mkubwa wa Kinshasa, aliwatajia habari za Floribert. Aliwaambia kwamba kijana huyu angaliweza kuachilia mambo yapite wala hakuna ambaye angalijua, tena angalipata faida. Lakini kwa kuwa alikuwa Mkristo, alisali, akawafikiria wengine, akachagua uaminifu. Mwishowe, tarehe 15 Juni 2025, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri, katika kanisa kubwa la Mtume Paulo mjini Roma. Wakati huo mji wake wa Goma ulikuwa mikononi mwa waasi tangu Januari mwaka ule ule.

Sasa tufike kwenye swali letu. Wakatoliki wakisema mtu ni mwenye heri, wana maana gani? Ni vema tuelewe sawasawa, kwa maana twakaa nao nyumba kwa nyumba, twaoana nao, na mara nyingi twabishana juu ya jambo ambalo hatujalisikiliza.

Kwanza, wao hawasemi kwamba Papa humfanya mtu kuwa mtakatifu. Wasema ni Mungu peke yake atakasaye, nalo Kanisa hutambua tu kazi aliyoitenda Mungu. Shughuli yenyewe huanza kwa askofu wa mahali. Mashahidi huitwa, waliomjua marehemu huhojiwa, maandiko yake husomwa, na mambo mabaya yanayosemwa juu yake huchunguzwa pia. Ndipo karatasi zote hupelekwa Roma. Kwa kawaida hutakiwa mwujiza uliothibitishwa kabla ya mtu kutangazwa kuwa mwenye heri. Lakini kwa aliyeuawa kwa ajili ya imani mwujiza huo hauhitajiki, kwa kuwa kifo chake chenyewe ni ushuhuda. Mwenye heri huheshimiwa hasa mahali pake au katika chama chake. Akitangazwa baadaye kuwa mtakatifu, hukumbukwa na Kanisa lao ulimwenguni pote.

Hapa ndipo penye jambo la kufikiri sana. Wale waliomwua Floribert hawakumwambia, "Mkane Kristo." Hawakumtaka aichome Biblia wala asiende kanisani. Wao walitaka mali yao ipite. Basi aweza kuitwaje shahidi wa imani? Mbona tusiseme tu kwamba alikuwa karani mwaminifu aliyeuawa na wahalifu?

Wakatoliki wenyewe wameliuliza swali hili tangu zamani. Katika karne ya 13 mwalimu wao mkuu, Thoma wa Akwino, aliuliza kama ni imani peke yake iwezayo kumfanya mtu kuwa shahidi. Jibu lake lilitoka katika Biblia: alimtazama Yohana Mbatizaji. Someni Marko sura ya 6. Herode hakumtaka Yohana amkane Mungu. Alitaka anyamaze tu kuhusu mke wa ndugu yake. Yohana angalinyamaza, labda angalitoka gerezani, akaendelea kubatiza na kuhubiri toba kwa watu wote isipokuwa mfalme. Lakini alikufa kwa sababu ya neno moja la haki. Na ni Mkristo gani, Mprotestanti au Mkatoliki, asemaye kwamba Yohana Mbatizaji si shahidi wa Mungu? Thoma akafundisha kwamba tendo lolote jema, likitendwa kwa ajili ya Mungu, ni ungamo la imani; na mtu akifa kwa ajili yake, amekufa kwa ajili ya Mungu.

Tena Floribert si wa kwanza katika siku zetu. Huko Sicilia, katika nchi ya Italia, palikuwa na hakimu mmoja jina lake Rosario Livatino. Katika madaftari yake aliandika herufi za maneno ya Kilatini yenye maana ya kwamba yu chini ya ulinzi wa Mungu. Alihukumu kesi za wale majambazi wa mafia, naye hakununuliwa. Tarehe 21 Septemba 1990 walimwua barabarani alipokuwa akienda kazini, akiwa na miaka 37. Yeye naye alitangazwa kuwa mwenye heri, tarehe 9 Mei 2021. Mmoja alikuwa na muhuri, mwingine alikuwa na kiti cha hakimu. Wote wawili waliuawa kwa sababu walimtii Mungu katika kazi ya mshahara.

Je, sisi tuseme nini? Twajua mahali tunapoachana na ndugu zetu. Sisi hatumwombi Floribert atuombee, wala Petro, wala Mariamu mama wa Bwana. Twashika neno la Paulo kwa Timotheo, katika Waraka wa kwanza 2:5, kwamba mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, naye ni Kristo Yesu. Waanglikana wanalo jambo hilo katika kifungu cha 22 cha zile Kanuni zao 39. Tena twakumbuka kwamba Paulo, alipowaandikia watakatifu walioko Efeso, hakuwaandikia wafu. Aliwaandikia waumini waliokuwa wakinunua mboga sokoni.

Lakini kuna neno ambalo wengi wetu tumelisahau. Baba zetu wa Matengenezo hawakusema tuwasahau watakatifu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 21, lakataa kuwaomba watakatifu, lakini lafundisha kwamba ni vema kuwakumbuka, ili tufuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu katika wito wake. Waraka kwa Waebrania, sura ya 13, watuagiza tuwakumbuke waliotuongoza, tuuangalie mwisho wa mwenendo wao. Basi tukilipuuza jina la mtu aliyekufa kwa uaminifu, eti kwa kuwa alikuwa Mkatoliki, hatujalinda Matengenezo. Tumejinyima mafundisho tu.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tulifundishwa jambo hili mapema. Kati ya miaka 1885 na 1887, Kabaka Mwanga wa Buganda aliwaua vijana Wakristo. Wakatoliki 22 na Waanglikana 23 ndio wanaokumbukwa kwa majina. Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Wakatoliki na Waanglikana waliteketezwa siku moja. Papa Paul VI alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, tarehe 18 Oktoba 1964, aliwataja kwa heshima na wale wa Kianglikana waliokufa kwa ajili ya jina la Kristo. Ikiwa wao waliweza kuwakumbuka wafu wetu, sisi twashindwaje kumkumbuka wa kwao?

Sasa turudi nyumbani. Hapa kwetu rushwa haina sura ya kutisha. Ina majina matamu. Huitwa chai, huitwa kitu kidogo, huitwa shukrani. Zamani ilipitishwa ndani ya bahasha au ilikunjwa ndani ya leseni. Siku hizi hutumwa kwa simu, nayo haitoi sauti isipokuwa mlio mdogo mfukoni. Mwenye kupokea hasikii haya, na mwenye kutoa husema, "Ndivyo dunia ilivyo."

Tusidhani twawasema wengine. Twataka kuungama jambo mbele yenu. Miaka kadhaa iliyopita sisi tulikuwa katika kamati ya ujenzi wa kanisa moja. Ramani zetu zilikaa katika ofisi fulani miezi mingi. Kila tulipokwenda tuliambiwa faili halionekani. Siku moja mwenzetu mmoja akanong'onezwa kwamba faili lile lina kiu. Tukakutana. Tulifungua mkutano kwa sala, kama ilivyo desturi. Kisha tukatoa fedha katika sadaka, na katika kitabu cha hesabu tukaandika neno "usafiri." Kesho yake faili likaonekana, na Jumapili tukasimama mbele ya ushirika tukamshukuru Mungu kwa kutufungulia mlango.

Wapenzi wasikilizaji, katika sadaka ile mlikuwa na fedha za mama mjane aliyeuza mayai. Alimpa Mungu, nasi tukampa karani. Na karani yule je, alijifunza nini juu ya Kristo siku ile? Alijifunza kwamba hata watu wa kanisa hulipa. Baadaye, dhamiri ilipotuchoma, tuliyaeleza mambo hayo mbele ya wazee wa kanisa. Mzee mmoja alikasirika sana. Lakini hakukasirika kwa sababu tuliyatenda. Alikasirika kwa sababu tuliyasema.

Labda mtu atasema, "Ile ilikuwa faili tu, hakuna aliyekufa." Ni kweli. Lakini muhuri wa uongo hauchagui mahali pa kusimama. Leo ni faili, kesho ni breki za matatu, kesho kutwa ni dawa za hospitali au gunia la mahindi. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu itokayo katika ukungu wa mahindi, na kati yao 125 walikufa. Hatusemi kwamba vifo vile vililetwa na rushwa. Mahindi mengi yalikuwa yamevunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Twavikumbuka ili tujue chakula kilichoharibika chaweza kufanya nini. Sumu ile haimalizwi na moto wa jikoni. Mama hupika ugali kwa upendo, akawapa watoto wake, wala hajui. Mama huyo hawezi kujilinda mwenyewe. Hana chombo cha kupima. Anamtegemea mtu asiyemjua, aliye mbali, mwenye kalamu na muhuri.

Nabii Amosi alimwona mama huyo. Katika sura ya 8 awakemea wafanya biashara wanaoingoja Sabato ipite upesi ili wafungue ghala. Wanapunguza kipimo, wanaongeza bei, na hata makapi ya ngano wanayauza kama chakula. Angalieni, watu hao walikuwa waenda ibada. Walikuwa wameketi katika ibada wakingojea iishe. Na Bwana akaapa kwamba hatayasahau matendo yao kamwe.

Basi, tufanye nini? Hatuwaambii mtafute kifo. Floribert mwenyewe hakukitafuta. Alitaka kuishi, alikuwa na mipango yake, na alipopata shida alikwenda kuuliza shauri kwa watu wa imani. Jambo moja alilofanya ni kukataa kuitenga imani yake na meza yake ya kazi.

Wewe uliye na muhuri, uwe karani, askari, nesi, mwalimu, mpima mizani wa kituo cha maziwa au cha kahawa, kabla hujaugonga fikiri ni nani atakayekula, atakayepanda gari, atakayemeza dawa. Hutamwona, lakini Bwana anamwona. Wewe uliye dukani, kumbuka kwamba Mithali 11:1 husema Bwana huichukia mizani ya udanganyifu. Hiyo ni mizani ya duka lako, si mfano tu.

Nanyi washirika na wazee wa kanisa, mna kazi iliyo kubwa zaidi. Mtu mwaminifu akihamishwa kwenda mbali kwa sababu alikataa kutia sahihi, ni nani kanisani anayemtembelea mke wake? Akifutwa kazi, ni nani anayemsaidia karo ya watoto? Mara nyingi twamwita mjinga. Lakini siku ya harambee, akija mwenye gari kubwa na bahasha nene, twampa kiti cha mbele wala hatuulizi fedha ile imetoka wapi. Kwa namna hiyo sisi wenyewe twawafundisha vijana wetu ni nani wa kumfuata. Floribert alikuwa na jumuiya iliyosali pamoja naye, na baada ya kufa kwake rafiki zake hawakukubali jina lake lizikwe. Je, kijana mwaminifu wa kanisa lako ana nani?

Wakatoliki wamemweka Floribert katika orodha yao ya wenye heri. Sisi hatuna orodha ya namna hiyo, nasi twasema kwamba kila aaminiye ni mtakatifu katika Kristo. Basi kama twasadiki hivyo, hatuna nafasi ya kusema kwamba uaminifu wa namna ile ni wa watu wachache wenye picha ukutani. Ni wako wewe, asubuhi hii, utakapoketi kwenye meza yako.

Tuombe. Ee Bwana Mungu wetu, wewe waona mambo yatendekayo mpakani na sokoni, ofisini na ghalani. Utusamehe fedha tulizotoa na fedha tulizopokea, na maneno ya uongo tuliyoandika katika vitabu vyetu. Uwape nguvu walio peke yao leo hii, wanaotishwa kwa sababu wamekataa. Uwafariji wote waliofiwa kwa ajili ya haki, huko Goma na hapa kwetu. Utupe mikono safi na moyo usionunuliwa, kwa ajili ya Yesu Kristo, aliye mpatanishi wetu peke yake. Amina.

Nendeni kazini kwa amani, na Bwana awe pamoja nanyi hadi tutakaposikilizana tena.